Mrejesho: BPMN kwenye ofisi yetu ya uwakala wa forodha

Wakuu, niliuliza kama BPMN (alama sanifu za kuchora hatua za kazi) inafaa kuchorea mtiririko wa kazi za kutoa mizigo bandarini, au ni mapambo ya washauri tu. Asanteni sana kwa majibu. Inafaa, ila kwa alama chache.

Toleo la 2.0 lilitolewa na OMG, shirika linalotunga viwango vya programu za kompyuta, mwaka 2011, na 2013 likawa kiwango cha ISO. Alama zake ni nyingi mno. Sisi tumebaki na kazi, mshale, alama ya uamuzi, mwanzo, mwisho, na mistari ya kutenganisha idara. Hiyo mistari ndiyo iliyotusaidia kuliko yote. Tulipobandika mchoro ukutani pale Kurasini, dada wa uhasibu aliufuata mshale kwa kidole: ankara ya tozo ilikuwa inasubiri sahihi mbili za bosi yuleyule. Moja tumeiondoa.

Kuufanya mchoro uendeshwe na kompyuta moja kwa moja bado ni kazi ngumu. Nyaraka pungufu, mteja kubadili maelekezo usiku, ukizichora zote hausomeki tena. Hizo tumeziandika kwa maneno pembeni. Watu wa programu wanalalamika, lakini makarani na madereva wanauelewa, na kwangu hilo lina uzito zaidi.