Mtoto amechomeka na nepi za kitambaa, ni nepi au ni nini?

Mama Taji, Nakuru

Habari zenu wazazi. Kijana wangu ana mwaka mmoja na miezi minne, na tangu azaliwe anavaa nepi za taulo za kufunga na pini, juu kaptula ya plastiki. Hatujawahi kusumbuka. Sasa mwezi huu wa saba umekuja na baridi yake, nguo huku Lanet hazikauki, nepi naanua zikiwa na unyevu namalizia kuzikausha karibu na jiko. Katikati ya hayo akashikwa na kifua, akapewa antibayotiki ya maji, ikamwendesha. Tangu hapo makalio ni mekundu, na kwenye mikunjo ya mapaja ndiko kubaya zaidi: ngozi inang'aa, na pembeni kuna vipele vidogo vidogo vimejitenga. Nikimpangusa analia mpaka jirani anabisha hodi.

Nampaka mafuta ya mgando. Nepi naloweka na jiki, nafua na sabuni ya unga, nasuuza mara moja kwa sababu maji ni ya kununua kwa mtungi, halafu natia kilainishi zinukie. Mama mkwe anasema ni meno, nisubiri. Msichana wa kazi anasema nihamie daipa za dukani. Bei yake naijua, ndiyo maana nauliza kwanza.

Baba Pacha, Bungoma

Pole sana. Daipa si dawa. Wetu walivaa za dukani na bado walichomeka, maana ukiona haijavuja unasahau kubadilisha. Kaa na nepi zako.

Dani wa Kisumu

Mwanangu, pole, na mkwe wako mwambie kwa heshima kwamba meno hayatokei makalioni.

Mimi ni nesi mstaafu wa kliniki ya watoto, sasa nalea wajukuu. Upele wa kawaida wa mkojo na choo hushika pale nepi inapogusa, yaani makalio yenyewe na tumbo la chini, na ndani ya mikunjo mara nyingi huwa salama. Wako umeivia ndani ya mikunjo na umetupa vipele nje ya mpaka wa wekundu. Ukiongeza antibayotiki, hapo nawaza fangasi, ile kandida. Wengi wetu tunayo tumboni bila kelele. Dawa ikishaua bakteria waliokuwa wakiizuia, inapata nafasi. Mafuta ya mgando hayaiui. Mchungulie na mdomoni, kama kuna utando mweupe usiotoka ukiupangusa.

Mpeleke kliniki wamwone. Ukipitia kemisti, itisha krimu ya fangasi, klotrimazo ya asilimia 1, na useme TUPU. La sivyo unaweza kupewa tyubu ya mchanganyiko yenye betamethasoni, ambayo ni steroidi. Soma kisanduku kabla hujalipa. Wekundu unatulia upesi na kila mtu anafurahi, lakini ngozi iliyofunikwa na plastiki hufyonza dawa nyingi, na steroidi huifanya nyembamba. Hili limeniudhi miaka yote ya kazi. Klotrimazo paka nyembamba, mara mbili au tatu kwa siku, na usiache siku ile ile wekundu unapotoka.

Kumsafisha ni maji ya vuguvugu na pamba, bila sabuni. Gusagusa kwa kitambaa kikavu, usisugue. Poda hapana, anaivuta kifuani. Mchana akiwa nyumbani toa hiyo plastiki, hata kama atakulowanishia kochi.

Sasa nepi zenyewe. Chukua moja iliyo safi na kavu, itie kwenye beseni la maji matupu, ikamue kamue. Ukiona povu, mtoto amekuwa akikalia sabuni. Nyingine idondoshee maji: tone likisimama juu badala ya kunywewa, ni kilainishi hicho kimeziba kitambaa. Kiache, na usuuze mara tatu badala ya moja.

Mama Taji, Nakuru

Dani, povu limejaa beseni! Na tone lilikaa juu likinitazama. Mdomoni hakuna kitu, kesho asubuhi tunaenda kliniki. Lakini maji ya kusuuza mara tatu nitayatoa wapi?

Dani wa Kisumu

Punguza sabuni, nusu ya unayotia inatosha. Maji ya suuza ya mwisho yaweke, ndiyo ya kuloweka za kesho baada ya kumwaga choo chooni. Jiki pumzisha kwanza. Tia maji moto, halafu pasi kali mpaka kwenye mishono, maana jua la Lanet mwezi huu si la kutegemea. Huku kwetu tunalo la kugawa.

Mama Taji, Nakuru

Na mafuta ya mgando nitupe?

Dani wa Kisumu

Usitupe. Akishapona ndiyo kinga yake, hayo au krimu ya zinki. Ila yanaganda kwenye taulo, kwa hivyo kata leso iliyochakaa, tandika ndani ya nepi. Akipata homa, au ngozi ikitoa usaha, malengelenge au damu, usingoje zamu ya kliniki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.