Msaada: nilikula trufeli Amsterdam, miezi minne sasa macho yana chenga

Kijana_wa_Ngamiani
Wakuu, habari za usiku. Naomba msinitukane kabla hamjamaliza kusoma.

Nasoma Uholanzi, mwaka wa pili. Mwezi wa tatu nilikwenda Amsterdam na wanafunzi wenzangu, tukaingia duka la trufeli. Kwa wasiojua: uyoga wa maruweruwe ulipigwa marufuku kule 2008, ila trufeli, vile vinundu vinavyoota chini ya udongo vyenye kilevi kilekile, vinauzwa dukani kihalali. Nikanunua kopo la gramu 15. Muuzaji akasema mgeni aanze na nusu. Nikala nusu, dakika 40 kimya, nikaona nimepigwa hela yangu, nikamalizia kopo. Kosa ni langu.

Zulia likaanza kupumua. Mwanzoni tulicheka. Kisha nikawa nimekufa. Sio kuhofia kufa, nimeshakufa, na nyumbani Tanga msiba umeshawekwa, mama kakaa mkekani. Hadi ubani niliunusa. Zilikuwa kama saa sita, kwangu miaka. Wenzangu waliamka asubuhi wakala pankeki.

Mimi sijarudi sawasawa. Nikitazama ukuta mweupe naona chenga kama TV ya zamani antena ikigeuzwa na upepo. Mtu akipunga mkono, unaacha mkia. Taa za barabarani zina duara. Lakini kinachonitesa zaidi ni kujiona niko nyuma ya kioo: nacheka na watu, huku kama namtazama mtu mwingine akicheka. Kwenye tramu moyo unanienda mbio, nashuka kabla ya kituo changu. Mama kaisikia sauti yangu kwenye simu, anasema kuna mtu kanichezea, nirudi nikasomewe. Je, nimeshauharibu ubongo?

Jiwe_la_Pembeni
Ulitumwa kitabu ukaenda kula uyoga. Wazazi wanauza ng'ombe huku.

Sista_wa_Zamu
Jiwe, hilo analijua, ndiyo maana kaandika usiku.

Mdogo wangu, pole. Nafanya kazi wodi ya afya ya akili. Kilevi chenyewe kilishatoka mwilini zamani, ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo usidhani kuna sumu imejificha humo. Hayo ya macho yana jina, madaktari wanayaita HPPD, na yamo kwenye mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili. Kinachokutofautisha na mtu aliyerukwa na akili ni kwamba unajua ukutani hakuna chenga. Hicho kioo nacho ni kawaida kwa mtu mwenye wasiwasi mkali, hata ambaye hajawahi kugusa kilevi. Kwa wengi hupungua polepole. Wachache hudumu nayo muda mrefu, sitakudanganya.

Nenda kwa daktari wako wa mtaa na umwambie ukweli wote, gramu na tarehe. Ana wajibu wa kutunza siri. Macho yapimwe, kipandauso na kifafa viangaliwe kwanza, maana navyo huleta mambo yanayofanana. Usimeze dawa ya kuazima: kuna za magonjwa ya akili, risperidone mojawapo, ambazo baadhi ya wagonjwa wamesema ziliwazidishia chenga. Ukianza kusikia sauti, au kukesha siku mbili tatu bila hamu ya usingizi, au kufikiria kujidhuru, hiyo si ya kusubiri miadi, ni dharura. Na nikuulize: kwenu kuna aliyewahi kuugua akili?

Baharia_Mstaafu
Mimi ilikuwa LSD, nayo kilevi cha maruweruwe, Sweden, ujana. Mwaka mzima wa mikia na chenga. Unajua nilichokuwa nafanya? Kila nikiamka natazama dari kupima kama zimepungua. Hazikupungua hata siku moja, maana nilikuwa nazitafuta! Nilipopata kazi ya usiku bandarini sikuwa na nafasi ya kukagua, siku moja nikashtuka wiki imepita sijazikumbuka. Zipo mpaka leo nikichoka sana. Hatugombani.

Bangi acha kabisa. Mimi pafu mbili zilinirudisha mwanzo. Kahawa punguza, usingizi ulinde kama pasipoti. Kwenye tramu usishuke, kaa. Kanyaga sakafu, shika chuma, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona. Ile hofu hupanda, ikifika juu hushuka yenyewe. Ukishuka wewe kwanza, kesho itakuja mapema zaidi.

Mwana_wa_Pangani
Kuhusu mama: kusomewa hakugombani na hospitali. Hata kwa simu mwombe akusomee, utalala. Usichokubali ni mganga wa kukunywesha vitu. Huku kuna wanaotumia mmea wa mnanaha, nao ni maruweruwe matupu, tena huua.

Kijana_wa_Ngamiani
Nimesoma zote mara mbili. Sista, mjomba wangu upande wa baba aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, nyumbani hatulizungumzi.

Sista_wa_Zamu
Hilo ndilo la kwanza kumwambia daktari. Halimaanishi nawe utaugua. Linamaanisha usiguse tena kitu cha aina hii, hata nusu kopo.

Kijana_wa_Ngamiani
Sawa dada. Nimepata miadi Alhamisi. Leo nimepita vituo vitatu bila kushuka, jasho tupu. Mama nimemwambia nusu.

Baharia_Mstaafu
Nusu ipi?

Kijana_wa_Ngamiani
Ya kuumwa. Ya kopo bado.