Tupeane uzoefu: wenye hisa za chipu, ugomvi wa soko la seva ulikufanya ununue au uuze?

Wakuu salaam. Kila ripoti ya robo mwaka ikitoka watu wanashikana mashati, huyu anasema AMD kashamla Intel kwenye prosesa za seva, yule anasema Intel bado ndo baba lao. Leo tuweke grafu pembeni, kila mtu aseme aliamuaje na aliangalia nini.

Naanza mimi. Niliingia AMD 2017 EPYC ya kwanza, prosesa yao ya seva, ilipotoka na kora 32 (kora ni vitengo vya kazi ndani ya prosesa), wakati huo mgao wao kwenye seva ulikuwa chini ya asilimia 1. Nilikuwa na kumbukumbu ya Opteron, chipu yao ya seva ya zamani, ilitoka 2003, ikafika kama robo ya soko 2006, halafu ikaporomoka yote. Kwahiyo uzuri wa ile chipu haukunitosha, nilitaka kuona kama watatoa ya pili na ya tatu kwa wakati, maana wenye datasenta hawabadilishi seva kama mtu anavyobadili simu, wanachukua chache, wanazijaribu, wanasubiri za zamani ziishe muda ndo waagize mzigo. EPYC ya pili, Rome, ikaja 2019, kora 64, imetengenezwa na TSMC, kampuni ya Taiwan inayowatengenezea wengine chipu, kwa teknolojia ya nanomita 7. Hapo nikaongeza hisa, na ya tatu, Milan, ilipofuata 2021 sikuwa na wasiwasi tena.

Fundi Seva
Mkuu umegusa kazi yangu. Mimi nahudumia seva kazini, na nikwambie kitu ambacho wachambuzi wengi hawakioni: mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva) inayofanya kazi huwezi kuihamisha toka seva ya Intel kwenda ya AMD bila kuizima. Sasa mwenye mamia ya seva za Intel akitaka kuingiza AMD inabidi apange muda wa kuzima, ajenge kundi jipya pembeni, na huduma zisikatike, ndo maana anasitasita hata kama bei ni nzuri. Halafu 2020 VMware, wenye programu ya kuendesha hizo mashine pepe, wakabadili leseni, moja ikawa inabeba mwisho kora 32 kwa prosesa, ile Rome ya kora 64 ikawa inataka mbili. Kwa hayo nilibaki na Intel muda mrefu, ila Julai 2020 Intel waliposema teknolojia yao ya nanomita 7 imechelewa na hisa ikashuka kama asilimia 16 siku moja, niliuza. Mteja anavumilia mengi, ratiba isiyoeleweka havumilii.

Bint Hesabu
Naomba tusichanganye mgao wa idadi na mgao wa mapato jamani. Robo ya tatu ya 2024, kwa hesabu za Mercury Research, watafiti wa soko la chipu, AMD alikuwa na kama asilimia 24 ya prosesa za seva kwa idadi, ila kwa mapato karibu 34, maana anauza zile kubwa za bei. Robo hiyohiyo watu walishangilia mapato ya datasenta, AMD dola bilioni 3.5, Intel 3.3. Sawa, lakini ya AMD ina Instinct, chipu zao za AI, ndani yake! Mimi sinunui kabla sijatenganisha hayo mawili, na hapo ndipo nilipoona EPYC peke yake bado inakua, nikaingia.

Mzee wa Gawio
Mimi fupi tu. Nilikuwa Intel kwa ajili ya gawio. Februari 2023 walipolikata toka senti 36.5 hadi 12.5 nikatoka, kampuni inajenga viwanda vya mabilioni huku wateja wa seva wanaondoka, hela itatoka wapi? Agosti 2024 wakatangaza kulisimamisha, hisa ikadondoka asilimia 26 kwa siku.

Nje ya x86
Mnabishana wawili, wa tatu anakula. Amazon ana chipu yake ya seva, Graviton, tangu 2018, Microsoft akaleta Cobalt 2023, Google Axion 2024, zote za muundo wa ARM, sio x86, muundo wa chipu za Intel na AMD, na hao ndo wanunuzi wakubwa wa EPYC na Xeon ya Intel. AMD anaweza kupanda ndani ya x86 na x86 yenyewe ikawa inapungua. Mimi niko TSMC, anatengeneza EPYC na Graviton pia.

Mwanzisha mada
Mkuu, hiyo ya ARM unaifuatiliaje, si hao Amazon na wenzake hawauzi chipu zao nje?

Nje ya x86
Naangalia klaudi wanakodisha nini. Aina mpya za mashine zikianza kutoka kwa ARM kwanza na bei ya chini, najua oda za wengine zinaelekea wapi.