Kwa nini baraza la mahakama ya zamani ni pana kuliko chumba chake?

Mkazi wa Rau
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Huku Moshi liko jengo dogo lililokuwa mahakama, lenye kuta za mawe meusi ya mlimani na paa la bati lililoshika kutu. Nimelipima kwa hatua: baraza la mbele lina urefu wa hatua 18, ilhali chumba cha ndani hakifiki hatua 10. Je, fundi alikosea vipimo?

Karani Mstaafu
Hakukosea, ndugu. Baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, na baraza ni kikao cha wazee wanaoamua jambo. Kwa mjenzi wa wakati ule vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliwaachia machifu mashauri ya watu wao, na rufaa zikapanda kwa bwana shauri, yaani ofisa wa serikali ya kikoloni wilayani, na wakubwa wake wa utawala badala ya kwenda Mahakama Kuu. Mangi, yaani chifu wa Wachagga, aliposikiliza kesi ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ukoo mzima ulitaka kusikia, kwa hiyo chumba kilichofungwa kilifaa zaidi kutunzia daftari na fedha za faini.

Mwaka 1963 machifu walifutiwa madaraka, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuunganisha mahakama zote chini ya mahakimu. Hakimu akaingia ndani, akakaa mezani, na washauri wake wakamfuata. Tukaendelea kuwaita wazee wa baraza, hali barazani wamebaki wanaosubiri kuitwa.

Fundi wa Njoro
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ila usisahau mvua za masika: paa linaloning'inia mbali na ukuta huzuia maji yasilowanishe viungo vya chokaa. Linganisheni na Boma la Arusha, ambalo sasa ni makumbusho. Wajerumani walilijenga kuwa ngome ya askari mnamo 1900, na kuta zake nene hazikukusudiwa kumkaribisha mwenye shauri akae.

Ndugu wa Rau, ikiwa mnapanga kulikarabati, msipige plasta ya saruji. Unyevu uliomo ndani ya mawe hukosa pa kutokea, na baada ya masika chache plasta hubanduka vipande vipande. Nimeshalipwa mara mbili kubandua kazi ya aina hiyo. Halafu kagua ukingo wa baraza, kwani mahali palipokaliwa sana huonekana.

Mkazi wa Rau
Marahaba kwa niaba ya mzee, maana naona hajaitikia. Nimekwenda asubuhi hii. Ukingo umelainika katikati kama jiwe la kusagia, na pembeni, karibu na nguzo ya mwisho, kuna vishimo vya bao vilivyochimbwa sakafuni, safu nne za vishimo vinane vinane.