Tupeane uzoefu: ulianzaje useremala bila karakana wala mashine kubwa?

Randa Kuukuu: Wakuu, leo nimepita mahali nikanusa maranda mabichi, nikakumbuka nilivyoanzia kibarazani. Msumeno wa mkono, randa, patasi, kinoo, skwea ya kupimia pembe, basi. Ubao naulaza juu ya stuli mbili. Mlioanzia kwenye kona ya chumba, ni kitu gani kiliwatesa?

Fundi Kimya: Kubana. Kazi ikichezacheza, hata msumeno mkali unakwenda upogo.

Binti Patasi: Umemaliza kila kitu. Klampu, vile vibanio vya kushikilia ubao, hazitoshi kamwe.

Tindo: Mnajitesa bure. Ubao uliopinda utaupigia randa mpaka lini? Tafuteni msumeno wa meza, ile mashine ya bladi ya duara inayochomoza juu ya meza, hata mdogo.

Randa Kuukuu: Tindo ndugu yangu, utauweka wapi? Kupasua ubao wa mita 2 unataka mita 2 mbele ya bladi na 2 nyingine nyuma yake. Chumba kimekwisha hapo. Na ubao ukiibana bladi, meno ya nyuma yanaunyanyua na kukurushia tumboni.

Tindo: Ndiyo maana nyuma ya bladi pana kile kipande cha chuma cha kuzuia mpasuo usijifunge. Watu wanakivua halafu wanailaumu mashine.

Mama Kabati: Nyinyi mnagombania misumeno, mimi nawaambia ogopeni matambara. Tulikuwa chumba na sebule, mimi na mdogo wangu, kazi tunafanyia jikoni vyombo vikishaoshwa. Siku hiyo tumepaka kabati mafuta ya kitani, matambara yakatupwa kwenye ndoo ya plastiki yenye maranda, tukalala. Usiku wa manane nikasikia harufu kama mafuta yanaungulia kikaangoni, nikajua jirani anapika. Mdogo wangu ndiye aliyeinuka. Kufungua mlango, moshi umejaa hadi darini, ndoo imeyeyuka ubavu mmoja, na ndani ya lile fungu la matambara pamewiva pekundu. Kiberiti hakuna, waya wa umeme hakuna. Alimwaga maji ya kunywa yote. Mlango wa jikoni ndio huohuo wa kutokea nje, sijui mnanielewa?

Binti Patasi: Yesu! Pole sana dada.

Tindo: Matambara hayawaki yenyewe. Kuna mtu alitupa kipande cha sigara humo.

Mama Kabati: Hakuna anayevuta nyumbani kwangu.

Fundi Kimya: Yanawaka, Tindo. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta oksijeni, na hapo joto hutoka. Tambara likikunjwa joto linakosa pa kwenda. Tandaza moja moja nje mpaka yakakamae, au loweka kwa maji kwenye kopo la chuma lenye mfuniko.

Mgeni wa Mbao: Shikamooni wakubwa. Nianze na mbao gani?

Randa Kuukuu: Marahaba. Paini, ni laini.

Binti Patasi: Mwenye patasi butu asiguse paini, inapondeka badala ya kukatika. Kunoa kwanza.

Tindo: Anza na chochote kisicho na vifundo.

Fundi Kimya: Na kama unalala humohumo unamofanyia kazi, usipige msasa ndani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilishaliweka vumbi la mbao kwenye visababishi vya saratani tangu 1995. Toka nje, vaa barakoa.

Mgeni wa Mbao: Nakaa ghorofani, sina kibaraza.

Binti Patasi: Basi lainisha kwa randa. Maranda unayafagia tu.