Makapi ya zabibu yapelekwe wapi baada ya kukamua?

Mkulima wa Hombolo:
Ndugu zangu, hapa Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kila msimu, tukishakamua, hubaki rundo la maganda, mbegu na vikonyo linalokaribia moja ya tano ya uzito wa zabibu zenyewe. Letu limeanza kunuka, limejaa vijinzi, na maji mekundu yanachuruzika kuelekea korongoni. Tufanyeje?

Bwana Shamba:
Anza na hayo maji, ndugu yangu, kwa sababu yana asidi na sukari, na yakifika kwenye kijito humaliza oksijeni wanayoitegemea samaki. Hamishia rundo kwenye sakafu ya saruji, mbali na korongo, ulifunike kwa turubai. Kisha tengeneza mboji: changanya makapi na samadi ya ng'ombe na majani makavu, ukiligeuza rundo kila linapopoa. Mbegu ni ngumu, hivyo vumilia miezi kadhaa. Tafadhali usiyamwage mabichi shambani, maana asidi yake huumiza mizizi michanga.

Mfugaji:
Ng'ombe na mbuzi huyala, ila wapewe kidogo, kwa kuwa tanini, yaani kemikali kali iliyomo kwenye maganda na mbegu, huzuia protini isimeng'enywe vizuri. Kama mizabibu ilipuliziwa dawa yenye shaba, kondoo wasiyaguse kabisa, kwani shaba huwadhuru kuliko mifugo mingine.

Mkulima wa Hombolo:
Nashukuru sana. Je, mashapo yanayotuama ndani ya matangi ya mvinyo nayo yaingie kwenye mboji?

Bwana Shamba:
Yaingie, lakini yachujwe kwanza na kuchanganywa kidogo kidogo, la sivyo rundo litalowa na kukosa hewa.