Noah inakula mafuta na haidumu: kosa la gari, la sheli au la fundi?

Mwanzisha mada, Tabora mjini
Wakuu, kuanzia stendi ya Tabora hadi Kasulu lawama ni zilezile: Toyota Noah inakunywa mafuta, gia boksi inakufa mapema, injini inachemsha. Wapo wanaotaka ziondolewe kabisa kwenye njia za abiria zibaki HiAce na Coaster. Mimi napinga, na sababu yangu ni kwamba tunahukumu magari matatu kwa jina moja.

Old model, SR40 ya 1996 hadi 2001, ina injini ya 3S iliyolala chini ya viti vya mbele, na inasukuma kwa tairi za nyuma. New model, AZR60 iliyotoka 2001, ina 1AZ-FSE, yaani D4, na inavuta kwa tairi za mbele. ZRR70 ya 2007 ina 3ZR yenye cheni ya taimingi, na gia boksi ya CVT, yaani isiyo na gia za hatua. Voxy ni ndugu wa hizo mbili za mwisho, injini ni zilezile. Ugonjwa wa moja si ugonjwa wa nyingine.

Msimamo wangu: D4 haifai kubeba abiria mikoa hii. Hizo nyingine mbili tunaziua wenyewe. Anayepinga aje na sababu ya kiufundi, na aseme anazungumzia ipi.

Fundi injini, Mwanga, Kigoma
Nianze na ulaji wa mafuta, maana hapo ndipo watu wanadanganyika zaidi. Mshale wa dashibodi si kipimo. Jaza tanki mpaka bomba la sheli likate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Weka kilometa sifuri. Ukirudi kujaza, tumia pampu ileile, ikate vilevile. Ukitembea kilometa 270 ukajaza lita 30, gari lako linakwenda kilometa 9 kwa lita. Rudia tanki tatu ndipo uje kulalamika. Noah ya petroli ya lita 2.0, ikiwa nzima, ikabeba watu saba kwenye lami, kilometa 8 hadi 10 kwa lita ni hali ya kawaida. Namba za katalogi ya Japani zilipimwa juu ya rola, bila vilima, bila magunia juu ya paa. Usizitumie kugombana na fundi.

Ikishuka chini ya 7, tafuta ugonjwa. Na wa kwanza kuutafuta kwenye magari ya huku ni thamostati iliyotolewa, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Gari limechemsha, fundi anang'oa thamostati, anafunga, mwenye gari anaondoka na furaha. Kumbe injini sasa haifiki joto lake la kazi, karibu nyuzi 80 na zaidi. Kompyuta inasoma maji bado ya baridi, inaongeza petroli muda wote. Plagi zinakuwa nyeusi, petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika. Mwaka ujao huyohuyo anasema Noah inakula mafuta na oili. Thamostati ni kifaa cha bei ndogo. Irudishwe, halafu atafutwe mchawi halisi wa kuchemsha: rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji, au mfuniko wa rejeta.

Mfuniko watu wanaudharau sana. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima unaweka presha ndani ya mfumo, maji yanavuka nyuzi 115 bila kuchemka. Springi ikilegea, umepoteza akiba yote hiyo, na injini inachemsha mlimani ingawa rejeta ni safi.

Kwa old model ongeza jambo moja. Rejeta iko mbele, injini iko chini ya viti, kwa hiyo mabomba ya maji ni marefu na hewa inanasa humo. Ukibadilisha maji bila kutoa hewa vizuri, hedi inapika. Inua pua ya gari, fungulia hita ya ndani, washa injini mfuniko ukiwa wazi, ongeza kulanti taratibu mpaka mapovu yaishe na bomba la chini la rejeta liwe moto. Ndipo ufunge.

Mwenye Noah za abiria, Kasulu
Fundi nakuheshimu, ila hoja ya "matunzo" inatumika kuficha udhaifu wa gari. Uimara si chuma peke yake. Gari linalotaka oili ya aina moja tu ya gia boksi, na oili hiyo Kasulu au Kibondo haipatikani kila siku, si gari imara kwa Kasulu, hata kama kule Nagoya, Japani, ni imara. Abiria aliyekwama njiani na mgonjwa hajali nani alikosea.

CVT ndiyo ninayoilaumu. Puli mbili na mkanda wa chuma, vinashikana kwa presha ya oili. Panda kutoka Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, uelekee Manyovu ukiwa na watu na madumu ya mawese. Oili inapata joto, inapungua nguvu, mkanda unaanza kuteleza na kuchuna puli. Ukishachuna, hakuna kukarabati kwa kubadilisha sahani kama gia boksi ya kawaida. Unanunua boksi la mtumba usilojua lilitunzwaje. Mwanzisha mada unaiacha vipi CVT ukaing'ang'ania D4 peke yake?

Muuza spea, Tabora
Kaka wa Kasulu, kwenye upatikanaji umesema kweli. Lakini sehemu kubwa ya maboksi ya CVT yanayoletwa kubadilishwa yana oili ya gia boksi ya kawaida ndani yake. Nyekundu, nzuri, ya makosa. CVT za Toyota zinataka CVT Fluid TC au FE, kutegemea toleo, na imeandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti cha oili kama boksi lina kijiti. Oili ya kawaida haina msuguano ambao mkanda unauhitaji.

Kubadilisha kwa njia ya kawaida, kumwaga na kujaza, kunatoa sehemu tu ya oili. Nyingine inabaki ndani. Kwa hiyo pima ulichomwaga kwenye chombo, rudisha kiasi hichohicho, halafu rudia baada ya kilometa elfu moja au mbili. Kiwango kinakaguliwa boksi likiwa na moto. Kwa gari la abiria na vilima, kilometa 40,000 ndiyo mwisho. Msiwasikilize wanaosema haibadilishwi maisha yote.

Na plagi jamani. Iridiumu halisi inakwenda mpaka kilometa 100,000, za bandia zinakufa mapema, gari linaanza kumisi, petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi yanayosafisha moshi mpaka yanayeyuka. Mtu analaumu masega.

Dereva wa HiAce, njia ya Urambo na Kaliua
Mimi naunga mkono Noah ziondoke kwenye njia kuu. Hesabu ni rahisi. Noah inakwenda kilometa 9 kwa lita na watu 7: kwa kilometa 100 ni lita 11.1, kila mtu anachoma lita 1.6. HiAce yenye injini ya 2TR ya lita 2.7, tuseme kilometa 7.5 kwa lita na watu 14: lita 13.3, kila mtu lita 0.95. Mafuta yetu yanashushwa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, yanasafirishwa nchi nzima mpaka huku, na bei kikomo ya EWURA ya kila mwezi inaonyesha tofauti hiyo. Tunamwonea abiria wa nini?

Tena ndiyo maana Noah zinajazwa watu 11. Bila hivyo hesabu haitoki. Chasisi ya new model na ya ZRR70 ni ya gari la familia, haikutengenezwa kwa hilo.

Mwenye Noah za abiria, Kasulu
Hesabu yako inasimama gari likijaa. Kijijini abiria ni sita asubuhi na sita jioni. HiAce yako ikibeba sita ni lita 2.2 kwa kila mmoja, Noah ni 1.85. Au unasubiri saa tatu ijae, na mama mwenye mtoto mgonjwa anasubiri nawe. Suala la kujaza watu 11 naungana nawe, hilo ni kosa na halina utetezi. Kwa njia kuu za lami zenye abiria wengi, chukueni nyie. Ndani huko, acheni Noah, ila iwe old model.

Fundi injini, Mwanga, Kigoma
Nirudi kwenye D4, kwa sababu mwanzisha mada ameitaja bila kueleza, na watu wanaipeleka gereji wakidhani ni plagi.

Kwenye injini ya kawaida nozeli inamwaga petroli kabla ya valvu ya kuingizia hewa, kwa presha ya bar 3 hivi, na petroli ile inaiosha valvu. D4 inapuliza ndani ya silinda moja kwa moja, kwa bar 80 na zaidi. Valvu haioshwi na kitu. Mvuke wa oili na masizi ya EGR, mfumo unaorudisha moshi kwenye injini, yanagandamana mgongoni mwa valvu mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba. Dalili: injini inatetemeka gari likiwa limesimama, asubuhi inazima, mlimani haina nguvu, mafuta yanaisha haraka. Zile chupa za dawa ya kumimina kwenye tanki hazifiki pale, kwa sababu petroli yenyewe haipiti pale. Dawa yake ni kufungua manifoldi, kukwangua kila valvu ikiwa imefungwa ili uchafu usidondokee ndani, kusafisha EGR na throto, kisha kuweka valvu mpya ya PCV, ile inayotoa mvuke wa oili ndani ya injini.

Tatizo la pili ni pampu ya presha. Inalainishwa na petroli inayopita ndani yake, kwa hiyo maji, mchanga wa dumu, au petroli iliyochanganywa vinaimaliza. Huko ndani ambako petroli inauzwa kwenye chupa, D4 haina maisha. Sili yake ikifa, petroli inavujia kwenye oili. Chomoa kijiti: oili imepanda badala ya kushuka, ni nyepesi na inanuka petroli. Usiwashe tena gari hilo. Beringi za injini zitakwenda.

La tatu ni bolti za hedi. Bloku ni ya alumini, na injini za AZ zinajulikana kwa nyuzi za bolti kuvuliwa upande wa nyuma. Maji yanavuja mahali usipopaona, fundi anabadilisha gasketi na kukaza bolti kwenye nyuzi zilezile zilizokufa. Inarudi. Lazima nyuzi zitobolewe upya na kuwekwa bushi za chuma, mashimo yote, si yale mabaya tu.

Na wanaotaka kuhamia injini isiyo D4: ihamishwe pamoja na waya zake, kompyuta yake na throto yake. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo TRA wajulishwe.

Mnunuzi, Nzega
Naomba kuuliza. Nimeambiwa ninunue ZRR70, niinue kwa spesa na kuweka tairi 205/70 R15 badala ya 195/65 R15 ili ipite barabara za vijiji vya tumbaku. Ulaji utaongezeka?

Muuza spea, Tabora
Dada au kaka, tairi hiyo ni kubwa kwa asilimia 5 hivi. Odometa ikisoma kilometa 400 umetembea kama 421. Kwa hiyo usiposahihisha hesabu, utaona gari linakula zaidi ya ukweli. Lakini kweli pia itakuwa nzito kuondoka, na hakikisha haigusi fenda ukikata kona na mzigo. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni kwa dereva, na pima tairi likiwa la baridi.

Spesa ndiyo ya kuogopa. Shafti za mbele zinakaa kwa mkunjo mkali, mpira wa jointi unachanika, vumbi linaingia, unaanza kusikia tak-tak ukikata kona. Ukiweka, isizidi sentimeta 2, na alaimenti ipimwe siku hiyohiyo. Halafu kichujio cha hewa: vumbi letu jekundu ni laini mno. Pulizia kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, usikioshe kwa petroli, na ukiona vumbi upande wa ndani wa boksi lake, kitupe.

Mwanzisha mada, Tabora mjini
Nimjibu ndugu wa Kasulu kuhusu CVT. Naiacha kwa sababu D4 inakufa hata kwa anayejitahidi, petroli ikiwa mbaya siku moja tu, wakati CVT inakufa kwa makosa yanayoonekana: oili isiyo yake, mzigo uliozidi, na kukanyaga mafuta mpaka mwisho mlimani. Kila anayetaka CVT ya abiria awe na lita 10 za oili sahihi stoo kabla ya kununua gari. Asiyeweza, anunue old model ya petroli. Ile ya dizeli yenye 3C aiache, hedi yake inapasuka ikichemsha mara moja.

Na mwendo. Noah ni ndefu kwenda juu na imesimama wima, hewa inaigonga kifuani. Kutoka 80 kwenda 100 kwa saa, upinzani wa hewa unapanda kwa zaidi ya nusu. Dereva anayewahi zamu anachoma faida ya tajiri wake kwenye lami tupu ya Nzega.

Mwenye Noah za abiria, Kasulu
Bado hatujakubaliana kwenye CVT, na nitabaki hapo mpaka oili hiyo iuzwe Kasulu kama inavyouzwa oili ya injini.

Fundi injini, Mwanga, Kigoma
Mpaka hapo, wenye CVT wajue hili la mwisho kabla ya kupiga simu ya msaada kutoka Uvinza. Gari likizima usilivute kwa kamba tairi za mbele zikizunguka chini. Pampu ya oili ya boksi inazungushwa na injini, na injini imezima, kwa hiyo mnavuta chuma kikavu juu ya chuma kikavu. Zinyanyuliwe tairi za mbele, au lipandishwe juu ya lori zima zima.